Mistari Miwili ya Kipimo cha Yai

Kipimo cha yai ni kikaratasi chembamba kinachochovywa kwenye mkojo ili kujua kama yai la mwanamke limekaribia kutoka kwenye ovari. Hupima homoni ya LH, inayotolewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Siku nyingi za mwezi homoni hii huwa kidogo tu. Yai likishakomaa, LH hupanda ghafla, na yai huachiliwa baada ya kama saa 24 hadi 36. Kikaratasi hunasa kupanda huko, kwa hiyo habari yake huwa ya mbele: yai linakuja.

Mbagala, Tandale na kwingineko Dar es Salaam, siku za karibu na yai kutoka huitwa siku za hatari. Jina limetoka kwa watu waliokuwa wakikwepa mimba, na wanaoitafuta wamelirithi pamoja na hesabu yake kwamba yai hutoka siku ya 14 tangu hedhi ianze. Hesabu hiyo inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 peke yake. Katika miaka ya 1920 Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa utafiti wake, walionyesha kuwa kutoka kwa yai kuhesabiwe kwa kurudi nyuma: takribani wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 24 yai lake hutarajiwa karibu na siku ya 10, na mwenye siku 35 karibu na siku ya 21. Huyu wa pili akipima siku ya 12, 13 na 14 kisha akaacha, atabaki akiamini kuwa mayai yake hayapevuki, kumbe wiki yake haijafika.

Ili kujua siku ya kuanza kupima, huchukuliwa urefu wa mzunguko na kutolewa 17. Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Siku 28 ukitoa 17 ni 11. Siku 32 ni 15. Ambaye mizunguko yake hailingani hutumia ule mfupi kuliko yote katika miezi ya karibuni, na ajue atamaliza vikaratasi vingi zaidi.

Saa ya kupima nayo huwachanganya waliozoea UPT, yaani kipimo cha mimba. Mkojo wa alfajiri ndio bora kwa kipimo hicho, lakini LH mara nyingi huanza kupanda kwenye damu asubuhi na mapema, na huchukua saa kadhaa kufika kwenye mkojo. Ndiyo maana vipimo vingi huelekeza mtu apime kati ya saa nne asubuhi na saa mbili usiku, kila siku saa ileile. Karatasi ya maelezo ndani ya pakiti ikisema vinginevyo, hiyo ndiyo ifuatwe. Vinywaji vipunguzwe kwa saa mbili kabla ya kupima. Mama anayeshinda juani sokoni Tandika akinywa maji chupa baada ya chupa atakuwa na mkojo mweupe uliozimuliwa, na mstari unaweza kufifia siku ileile aliyokuwa akiingojea.

Mkojo hukingwa kwenye kikopo safi kikavu, kisicho na povu la sabuni. Kikaratasi huchovywa bila kupita alama ya mwisho, kwa sekunde zilizotajwa kwenye maelezo, kisha hulazwa mahali pakavu. Wekundu hafifu hupanda taratibu na mistari hujichora. Mmoja, ule wa upande wa kushikia, huonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kikaratasi kimeharibika. Wa pili ndio wa LH.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea. Kwenye UPT mstari wa pili, hata ukiwa hafifu, humaanisha mimba. Kwenye kipimo cha yai mstari hafifu hauna habari yoyote, kwa sababu LH kidogo ipo mwilini siku zote. Jibu ni ndiyo pale tu mstari wa LH unapokoza sawa na mwenzake au kuuzidi. Vikaratasi vya siku tatu nne vikipangwa kando kwa kando dirishani, mchana, tofauti huonekana wazi: juzi waridi ya mbali, jana imekolea kidogo, leo imelingana. Kisomwe ndani ya muda uliotajwa, kwa kawaida kama dakika tano. Kikishakauka, rangi hubadilika na hakiaminiki tena.

Mistari ikilingana, wenzi wakutane siku hiyo na siku inayofuata. Lakini kungoja kikaratasi bila kukutana kabisa ni hasara. Mbegu za kiume huweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku tano, ilhali yai halimalizi saa 24. Utafiti wa Allen Wilcox na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa mimba hutokana na kukutana katika siku sita zinazoishia siku ya yai kutoka. Kwa hiyo ute wa ukeni unapoanza kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, siku njema zimeshaanza, na kukutana kila baada ya siku moja au mbili kunatosha. Kikaratasi huwafaa hasa wasiolala nyumba moja kila siku, kama mke wa dereva wa lori la Tunduma anayehitaji kujua ni safari ipi iahirishwe.

Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2023 yaligundua kuwa, kwa wanawake walio chini ya miaka 40 ambao hawajamaliza mwaka wakitafuta, vipimo hivi huenda vikapandisha uwezekano wa mimba kutoka asilimia 18 hadi kati ya 20 na 28. Ni nyongeza ya kweli, ila ya kiasi.

Wapo ambao kikaratasi huwapotosha. Mwenye PCOS, tatizo la homoni na ovari, anaweza kuwa na LH ya juu siku nyingi, akaona mistari iliyolingana bila yai kutoka. Aliyekaribia kukoma hedhi vilevile. Anayetumia klomifeni, dawa ya kupevusha yai, akipima mapema mno baada ya kidonge cha mwisho hupata jibu la uongo. Aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu naye anaweza kupima mwezi baada ya mwezi bila mstari kukolea: kwa wastani mimba huchukua kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na kuchelewa huko si ugonjwa.

Joto pia huharibu. Vipimo vingi hutakiwa visizidi nyuzi 30, na chumba cha bati mwezi wa Februari hupita hapo. Pakiti ikae chini, mbali na dari na jiko, na ifunguliwe wakati wa kupima tu.

Kikaratasi hakioni mirija ya uzazi iliyoziba kwa klamidia au kisonono cha zamani, wala hakijui lolote kuhusu mbegu za mume, ingawa lawama humwangukia mke. Waliotafuta kwa miezi 12, au miezi 6 mke akiwa na miaka 35 na zaidi, waende hospitali wote wawili, iwe Mwananyamala, Temeke au Muhimbili. Asiyepata hedhi asingoje hata hiyo miezi. Mume hupimwa mbegu baada ya kukaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Mke huweza kupigwa picha ya mirija na kupimwa projesteroni, ambayo damu yake hutolewa kama siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Tarehe za mistari iliyolingana, zikiwa zimeandikwa kwenye daftari la kliniki, humsaidia daktari kuichagua siku hiyo.