Paul Robeson: Mwimbaji Aliyenyimwa Pasipoti

Wale mlioketi kwa makundi, sogezeni viti karibu. Na wewe unayelisoma somo hili peke yako katika karatasi hizi zilizopigwa chapa, karibu vile vile. Maneno ni yale yale.

Tarehe 26 Mei, mwaka wa 1957, watu wapatao elfu moja walikusanyika katika ukumbi wa St Pancras, mjini London. Walikuja kumsikiliza mwimbaji, lakini jukwaani mwimbaji hakuwako. Yeye alikuwa New York, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, na sauti yake iliwafikia kwa waya wa simu uliolazwa chini ya bahari. Waliketi kimya wakausikiliza waya ule ukiimba.

Kwa nini hakwenda mwenyewe? Nauli haikumshinda, wala hakuwa mgonjwa kitandani. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni pasipoti. Leo basi tutajifunza habari za mtu huyu, Paul Robeson, na vipi kijitabu kidogo cha namna ile kiliweza kumfunga mtu mkubwa kama yeye kwa miaka minane.

Tuanze na baba yake, maana bila baba huyu hatutamwelewa mwana. William Drew Robeson alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Mwaka wa 1860, akiwa kijana wa miaka 15, alitoroka. Baadaye alipata elimu, akawa mchungaji wa kanisa katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Huko ndiko alikozaliwa Paul, kitinda mimba wake, tarehe 9 Aprili, 1898. Baada ya miaka michache mchungaji yule aliondolewa katika kanisa lake, ikambidi azoe majivu kwa gari la farasi ili awalishe watoto. Mwaka wa 1904 mama, aliyekuwa mwalimu, alishikwa na moto wa jiko nyumbani, akafariki. Paul alikuwa hajatimiza miaka sita.

Baba alimfundisha mwanawe kusoma kwa sauti na kutamka kila neno barabara. Yafaa tulikumbuke jambo hilo, kwa kuwa watu waliomsikia Robeson akiimba walisifu siku zote kwamba hakuna neno lililopotea.

Mwaka wa 1915 alishinda mtihani akapata nafasi ya masomo katika chuo cha Rutgers, akiwa mwanafunzi mweusi wa tatu tangu chuo kile kuanzishwa. Alikuwa na kimo cha futi sita na inchi tatu, naye akataka kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kuangushana. Katika mazoezi ya kwanza wenzake wa timu ile ile walimvunja pua, na mmoja akamkanyaga mkono kwa kiatu. Alirudi uwanjani. Mwaka wa 1917 na wa 1918 alichaguliwa miongoni mwa wachezaji bora wa Marekani nzima, na mwaka wa 1919 alimaliza masomo akiwa ndiye aliyeteuliwa kusema kwa niaba ya wahitimu wote.

Akaenda kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akahitimu mwaka wa 1923. Aliingia kazini katika ofisi ya mawakili. Siku moja alitaka kumsomea karani maneno ya kuandika. Karani, mwanamke Mzungu, alikataa kuandika maneno ya mtu mweusi. Robeson aliondoka katika ofisi ile, wala hakurudi tena katika kazi ya uwakili. Mimi nionavyo, karani yule aliiondolea sheria ya Marekani wakili hodari. Miaka 30 baadaye sheria ile ile ilikuja kumgonga mlangoni kwa namna nyingine, kama tutakavyoona.

Mkewe, Bibi Eslanda, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya hospitali, ndiye aliyemhimiza ashike michezo ya kuigiza. Mwaka wa 1924 alipata sehemu kubwa katika michezo miwili ya mtungaji Eugene O'Neill. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Aprili, 1925, alisimama na mpiga piano Lawrence Brown katika ukumbi mmoja wa New York, akaimba nyimbo za Wamarekani Weusi kuanzia mwanzo hata mwisho. Zilikuwa ni nyimbo za watumwa, za dini na za kazi. Kabla ya siku ile waimbaji wa kumbi kubwa walizitumia kama kachumbari, moja au mbili baada ya nyimbo za Ulaya. Robeson na Brown walizifanya ndizo chakula chenyewe.

Sauti yake ilikuwa besi, yaani sauti nene ya kiume ya chini. Hakuilazimisha ipande mahali isipotaka. Wimbo uliokuwa juu mno kwake aliushusha. Alikuwa na desturi ya kukinga sikio kwa kiganja ili ajisikie mwenyewe, kama afanyavyo muadhini.

Mwaka wa 1928 aliimba mjini London katika mchezo uitwao Show Boat. Wimbo wake mle ndani, juu ya mchukuzi na mto mkubwa, ulimfanya ajulikane kila mahali palipokuwa na santuri. Lakini sikiliza alivyoutendea baadaye. Mchukuzi wa kwanza alikuwa mtu aliyechoka, aliyekata tamaa. Robeson alibadili maneno, akamfanya kuwa mtu anayepigana. Watu wengi walioupenda wimbo ule hawakujua kwamba mwimbaji ameupindua.

Wale mliosoma Mabepari wa Venisi, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, mnamjua mtungaji Shakespeare. Huyo alitunga pia mchezo wa Othello, jemadari mweusi anayedanganywa hata akamuua mkewe. Kwa miaka mingi Othello alichezwa na Wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Robeson alimcheza London mwaka wa 1930, kisha New York kuanzia Oktoba 1943. Hapo New York mchezo ulionyeshwa mara 296, na hakuna mchezo wa Shakespeare uliokuwa umeendelea mara nyingi hivyo katika kumbi za Broadway.

Sasa tufike karibu na nyumbani. Robeson alikaa London miaka mingi, na huko alikutana na Waafrika wenyewe, wanafunzi na mabaharia. Mnamo mwaka wa 1934 alikuwa akisoma lugha za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha London, na mojawapo ilikuwa Kiswahili. Alitaka kujua nyimbo alizofundishwa kanisani kwa baba yake zilitoka wapi. Mwaka wa 1936 Bibi Eslanda alisafiri na mtoto wao hata Afrika Kusini na Uganda, akaandika kitabu juu ya safari hiyo, kilichotoka mwaka wa 1945.

Lakini mwaka wa 1935 ilitoka sinema iliyomwachia aibu, jina lake Sanders of the River. Robeson alicheza chifu. Alikubali kazi ile kwa kuwa aliambiwa sinema itaonyesha ngoma na desturi za Waafrika kwa heshima. Ilipokamilika alikuta ni sifa kwa mtawala Mwingereza, na yeye mwenyewe amekuwa chifu mtiifu anayefurahia kutawaliwa. Aliikataa sinema hiyo hadharani. Miongoni mwa Waafrika waliolipwa kusimama mbele ya kamera siku zile alikuwamo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Ukipata kuiona sinema ile, kumbuka kwamba chifu yule na mmoja wa wazee wake walikuja kuonwa wote wawili na Serikali kuwa watu wa hatari.

Tangu hapo Robeson aliichagua kazi kwa uangalifu zaidi. Sinema aliyoipenda ni The Proud Valley, ya mwaka wa 1940, juu ya baharia mweusi anayepata kazi katika mgodi wa makaa ya mawe huko Wales na kuimba katika kwaya ya wachimbaji. Katika Marekani aliongoza Baraza la Mambo ya Afrika, lililodai uhuru wa makoloni, na miaka ya 1950 baraza hilo lilipaza sauti juu ya Kenya.

Sharti niseme pia alipokosea. Robeson alikwenda Urusi mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka wa 1934, akaona kwamba huko hakuna aliyemdharau kwa rangi yake, akaipenda nchi ile kwa moyo wote. Baadaye, habari za Stalin kuwafunga na kuwaua watu wasio na hatia zilipojulikana, hakumlaumu hadharani. Hata baadhi ya rafiki zake Warusi waliuawa. Hapo siwezi kumtetea. Namheshimu kwa mengi, ila kwa kimya kile simheshimu.

Mwezi wa Aprili 1949 alisema katika mkutano wa amani mjini Paris. Magazeti ya kwao yakamnukuu visivyo, ikaonekana kana kwamba amesema Weusi wa Marekani hawataipigania nchi yao. Tarehe 4 Septemba mwaka ule, karibu na mji wa Peekskill, watu waliotoka kumsikiliza walipigwa mawe ndani ya magari yao, wengi wakajeruhiwa. Kumbi zikamfungia milango. Jina lake lilifutwa hata katika orodha za wachezaji bora wa mpira wa mwaka wa 1917 na wa 1918.

Kisha mwaka wa 1950 Serikali ikaifuta pasipoti yake.

Hapa tusimame kidogo. Pasipoti ni kijitabu ambacho Serikali hutoa ili kumtambulisha raia wake mbele ya Serikali nyingine. Mtu asiyekuwa nacho hawezi kupanda meli wala ndege ya kwenda ng'ambo. Robeson alitakiwa aape kwa maandishi kwamba yeye si mkomunisti. Alikataa, alisema imani ya mtu katika siasa si kazi ya ofisi ya pasipoti. Akaenda mahakamani. Na mwaka wa 1952 mawakili wa Serikali waliandika katika hoja zao jambo ambalo sisi wa Afrika hatuna budi kulisoma mara mbili: kwamba mtu huyu kwa miaka mingi amejishughulisha mno na uhuru wa makoloni ya Afrika. Wao walilitaja kama kosa.

Kwenda Kanada Mmarekani hakuhitaji pasipoti, lakini mapema mwaka wa 1952 alizuiwa hata huko. Basi tarehe 18 Mei, 1952, alipanda juu ya lori lililosimama mpakani, upande wa Marekani, akawaimbia maelfu ya watu waliosimama upande wa Kanada.

Ndipo ukaja waya. Zamani sauti ya simu kati ya Ulaya na Marekani ilipita hewani kwa redio, ikikatizwa na dhoruba na kelele. Mwezi wa Septemba 1956 ulifunguliwa waya wa kwanza wa simu chini ya Atlantiki, kutoka Uskochi hadi Newfoundland, umbali wa maili zaidi ya 2,000. Kwa kweli zilikuwa nyaya mbili, mmoja wa kupeleka na mmoja wa kurudisha. Sauti ikisafiri katika waya hupungua nguvu, kama maji katika mfereji mrefu. Kwa hiyo kila waya ulitiwa vikuza sauti 51, vyenye taa ndogo za namna ya zile za redio za zamani, navyo vilikaa huko chini ya bahari vikiipokea sauti iliyochoka na kuipa nguvu mpya. Njia hiyo ndiyo aliyoitumia Robeson kuimbia London. Oktoba mwaka ule ule aliwaimbia hivyo hivyo wachimbaji wa Wales, waliokusanyika maelfu katika mji wa Porthcawl, na safari hii kwaya yao ikamjibu kwa waya wa kurudi.

Tarehe 16 Juni, 1958, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya mchoraji Rockwell Kent, aliyenyimwa pasipoti kama Robeson. Majaji watano walikubali, wanne walikataa. Walisema kusafiri ni sehemu ya uhuru wa raia, na kwamba Bunge halikumpa Waziri mamlaka ya kumnyima mtu pasipoti kwa ajili ya imani yake ya siasa. Robeson akarudishiwa kijitabu chake. Alikuwa na miaka 60.

Mwaka wa 1959 alicheza Othello tena, katika mji wa kwao Shakespeare. Mwaka wa 1960 aliwaimbia mafundi waliokuwa wakijenga jumba la opera la Sydney, Australia, nao wakiwa juu ya majukwaa ya ujenzi. Baada ya hapo afya yake iliharibika. Alifariki mjini Philadelphia tarehe 23 Januari, 1976. Jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la mpira wa vyuo mwaka wa 1995.

Nimeruka siku moja, nami nairudia. Agosti 1958, wiki chache baada ya hukumu ile, Wawelisi walikusanyika kwa tamasha lao kubwa la nyimbo huko Ebbw Vale. Robeson alikuwako, amesimama mbele yao mwenyewe.

Makundi, mkikutana juma hili zungumzeni swali hili: pasipoti ni mali ya raia mwenye picha yake ndani, au ni mali ya Serikali iliyoitoa? Mwenye pasipoti na ailete, msome maneno yaliyopigwa chapa ndani yake kabla ya kujibu.