Mifumo Miwili Katika Kompyuta Moja: Namna ya Kuondoa Usiohitajika



Kompyuta nyingi za ofisi za parokia ni za msaada, na zilikwisha kufanya kazi kwingine kabla ya kufika kwetu. Baadhi yake zikiwashwa haziingii moja kwa moja kazini. Zinaonyesha orodha ya mifumo miwili ya uendeshaji, kwa mfano Windows 10 na Windows 11, na kusubiri mtumiaji achague. Hutokea hivyo pale fundi anapoweka mfumo mpya bila kuuondoa ule wa zamani.

Kwa nini kamati ijali?

Kusubiri si tatizo kubwa. Kwa kawaida ni sekunde 30 tu. Hatari iko kwenye kumbukumbu. Kila mfumo una mahali pake pa kuhifadhi nyaraka. Katibu akiingia mfumo mmoja leo, na mhasibu akaingia mwingine kesho, orodha ya wabatizwa au hesabu za mradi wa maji zinaweza kugawanyika pande mbili bila mtu kujua. Taarifa ya robo mwaka ikiandikwa kutoka upande mmoja, tarakimu hazitalingana na stakabadhi, na kamati itatiliwa shaka na waumini na wafadhili, ingawa hakuna aliyeiba.

Tena, mifumo ya zamani haina ulinzi wa kutosha. Marekebisho ya kawaida ya usalama yalikoma kwa Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Hatua za kufuata

1. Kamati ikubaliane mfumo upi ubaki. Ingieni katika kila mfumo, tafuteni nyaraka zote, na mzinakili kwenye flashi au diski ya nje. Zifungueni nakala hizo katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha ni nzima.

2. Ingieni kwenye mfumo unaobaki, kwa jina la mtumiaji mwenye mamlaka ya msimamizi. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, pateni kwanza namba yake ya kuifungulia.

3. Bonyezeni kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R. Andikeni msconfig, kisha bonyezeni Enter.

4. Fungueni ukurasa ulioandikwa "Boot". Mstari wenye maneno "Current OS" ndio mfumo mliomo, msiuguse. Chagueni ule mwingine, bonyezeni "Delete", kisha "OK", na kuiwasha kompyuta upya.

Mambo ya kuangalia

Hatua hizi zinaondoa jina tu kwenye orodha. Mafaili ya mfumo wa zamani yanabaki katika diski, na hilo ni jema: kama kuna waraka uliosahauliwa, bado unaweza kupatikana. Tunashauri msubiri hadi hesabu za robo mwaka zifungwe ndipo fundi asafishe sehemu hiyo ya diski. Hata hapo, sehemu iliyoandikwa "System" isifutwe, kwani ndiyo inayoiwezesha kompyuta kuwaka, hata kama imo ndani ya sehemu ya mfumo wa zamani.

Kama mfumo usiohitajika ni Ubuntu au aina nyingine ya Linux, huenda msiuone kabisa katika ukurasa huo, kwa sababu orodha ya kuwashia ni ya Linux yenyewe. Msianze kwa kufuta sehemu yake ya diski. Kompyuta inaweza kukataa kuwaka. Fundi airudishe kwanza njia ya kuwashia kwa Windows, ndipo afute.

Kazi ikiisha, andikeni katika daftari la mali tarehe, mfumo uliobaki, jina la aliyefanya kazi, na mahali nakala zinapotunzwa.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa kila kompyuta. Mkiweza, itumeni ikiwa na mfumo mmoja tu, wenye leseni halali, na diski iliyosafishwa. Mtakuwa mmeiepusha kamati ya mbali na gharama ya fundi, na mmelinda kumbukumbu za waumini.