Kompyuta Isiyowaka: Chomoa Flashi Kabla ya Kumwita Fundi



Katika nyumba na misikiti mingi siku hizi, kompyuta mpakato imechukua nafasi ya daftari kubwa lililokuwa likifungiwa kabatini. Ndani yake mna orodha ya wanafunzi wa madrasa, hesabu za zaka na michango, kazi za shule za watoto, na picha za wazee waliotangulia mbele ya haki. Ndiyo maana inapogoma kuwaka hofu hutanda, na mwenye hofu huamua kwa pupa. Tunapenda kueleza tatizo moja ambalo mara nyingi tiba yake ni nyepesi kuliko hofu yake: kompyuta inayokataa kuwaka wakati flashi imechomekwa.

Jambo hili lilitufika hapa Suji tulipokuwa tukiandaa taarifa ya mapato na matumizi ya msikiti. Mashine ilipowashwa, taa iliwaka na feni ikavuma, lakini kioo kilibaki cheusi, kikiwa na mstari mmoja wa Kiingereza uliosema kuwa hakuna diski ya kuwashia. Mjumbe mmoja akasema diski imekufa. Fundi aliyeulizwa kwa simu akashauri apelekewe mashine ili "apige Windows upya". Kwa sisi wa milimani, safari hiyo ni kuteremka hadi Makanya, kisha kuifuata barabara kuu mpaka Same. Ni nauli na siku nzima. Hata hivyo, nauli haikuwa hasara kubwa tuliyoiogopa. Kupiga Windows upya bila kwanza kunakili yaliyomo kunaweza kufuta kila kitu, na humo mlikuwa na majina ya mayatima pamoja na hesabu ya kila kilichotolewa kwa ajili yao.

Kabla ya kufunga safari, tuliikagua mashine pande zote. Ubavuni palikuwa na flashi ya visomo vya Qur'ani. Tukaizima mashine, tukaichomoa flashi, tukawasha tena. Ikawaka kama kawaida, na hapakupotea hata jina moja.

Sababu yake ni hii. Kompyuta inapowashwa haianzi moja kwa moja na Windows. Kwanza huamka programu ndogo iliyo kwenye ubao wake mkuu, ambayo mafundi huiita BIOS, na katika mashine mpya UEFI. Kazi yake mojawapo ni kutafuta mahali ulipo mfumo wa kuendeshea mashine, ikifuata orodha iliyopangwa: diski ya ndani, flashi, na vinginevyo. Orodha ikianza na flashi, mashine hubisha hodi huko kwanza. Mashine nyingine zikikosa mfumo huendelea na mlango unaofuata. Nyingine hukwama hapo hapo. Waliotumia kompyuta miaka ya 1990 watakumbuka kuwa disketi iliyosahaulika ndani ilileta usumbufu huu huu.

Basi, ndugu msomaji, ukifikwa na hali hii fuata utaratibu huu. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde kama 10 hadi mashine izimike kabisa. Chomoa flashi, memori kadi na kila kilichochomekwa, kisha uwashe. Ikiwaka, diski yako ya ndani ni nzima, na kilichobaki ni kurekebisha orodha. Zima, washa tena, na papo hapo bonyeza mara kadhaa kitufe cha kuingilia kwenye mipangilio: kwa Dell nyingi ni F2, kwa HP nyingi ni F10, na kwa Lenovo ni F1 au F2. Tafuta ukurasa wenye neno "Boot", panga diski ya ndani iwe ya kwanza, hifadhi, kisha utoke. Usiguse mipangilio mingine usiyoijua.

Ikiwa mashine huzimika ghafla kila inapochomekwa flashi ile ile, ijaribu kwa flashi nyingine. Flashi hupata umeme kutoka kwenye mashine. Iliyoharibika ndani inaweza kusababisha shoti, nayo mashine ikajizima ili kujikinga. Flashi ya namna hiyo iwekwe kando. Na ikiwa mashine haiwaki hata baada ya kuchomoa kila kitu, hapo ndipo fundi anapohitajika. Mwambie waziwazi, na mbele ya shahidi, asifute chochote kabla ya kunakili mafaili.

Kuna tahadhari moja kwa wazazi. Baadhi ya flashi zimetengenezwa na mafundi kwa ajili ya kupigia Windows. Ikisahaulika kwenye mashine, mtoto anaweza kuwasha akakuta ukurasa unaomwalika kuanza kusimika mfumo upya. Akiendelea kubonyeza kukubali, anaweza kufuta kazi za familia nzima. Afundishwe kusimama, kuzima na kuita mkubwa.

Kumbukumbu za watu ni amana, na amana haiachwi mahali pamoja. Kila baada ya kikao cha kamati nakala ihifadhiwe kwenye diski ya nje, na nyingine iwekwe nyumba tofauti na ilipo mashine. Zote zifungwe kwa nywila, kwani hali za wajane na mayatima si habari za kusomwa na kila mpita njia. Sheria ya nchi nayo inalitazama jambo hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Siku mashine itakapogoma nyumbani kwako, tazama kwanza ubavuni mwake. Huenda kilichozuia kazi yote ni kitu kidogo kama kidole gumba.

Wabillahi tawfiq.