Kunenepa na Kuvimba

Masisi na Walikale ni nchi mbili jirani katika Kivu ya Kaskazini. Masisi ni nchi ya milima na baridi. Huko watu hulima maharagi, mahindi na viazi, na ng'ombe hula majani mabichi mlimani. Jibini ya Masisi huuzwa mpaka Goma. Walikale ni nchi ya msitu na joto. Huko hulimwa muhogo, mpunga na ndizi. Michikichi hutoa mafuta mekundu, na mito hutoa samaki. Mgeni akizitazama nchi hizi husema, "Hapa mtoto hawezi kukosa chakula." Lakini watoto wengi wa huko huugua kwa sababu ya chakula.

Siku moja mama mmoja alifika katika kituo cha afya na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nyumbani kwake alikuwako mtoto mchanga, na tangu mimba ya huyo mchanga, mkubwa hakunyonya tena. Alikula bugali ya muhogo asubuhi, na bugali ya muhogo jioni. Majirani walimsifu mama wakisema, "Mtoto wako amenona! Tazama mashavu yake!" Lakini mama hakuwa na raha. Mtoto hakucheza wala hakucheka. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo mwekundu, nazo ziling'oka upesi.

Mganga wa kituo alimketisha mtoto. Akabonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba, akahesabu polepole: moja, mbili, tatu. Alipoondoa vidole, palibaki shimo dogo katika kila mguu, kama alama ya kidole katika udongo wa mfinyanzi.

"Mama, umefanya vizuri kuja," alisema mganga. "Mtoto huyu hakunenepa. Amevimba. Haya ni maji chini ya ngozi."

Ugonjwa huo watu wa Kivu huuita bwaki. Waganga wa dunia nzima huuita kwashiorkor. Jina hilo lilijulikana mwaka 1935, wakati daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alipoandika habari za watoto wa nchi inayoitwa leo Ghana. Akina mama wa huko ndio waliompa jina. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Basi akina mama wa Ghana na akina mama wa Masisi waliona jambo lile lile: mtoto akiachishwa ziwa, na mahali pa maziwa pasitiwe chakula chema, huugua.

Ili kujua hali ya mtoto, inafaa kujua maneno manne.

Uzito ni kilo za mwili. Hujulikana kwa mizani. Mtoto mwenye afya huzaliwa na kilo tatu hivi, na akitimiza mwaka mmoja uzito wake huwa karibu mara tatu ya ule wa kuzaliwa.

Kukonda ni kupungukiwa na nyama ya mwili. Mkono wa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 hupimwa kwa mkanda wenye rangi tatu. Kijani ni vizuri. Manjano, yaani chini ya sentimeta 12.5, ni hatari iliyo karibu. Nyekundu, yaani chini ya sentimeta 11.5, ni hatari kubwa.

Kudumaa ni kubaki mfupi kuliko inavyopasa kwa umri. Mtoto aliyedumaa hana alama ya kutisha, na kwa hiyo wengi hawamwoni. Hesabu ya mwaka 2013 na 2014 ilionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wa Kongo walio chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wamedumaa.

Kuvimba miguu yote miwili ni alama ya bwaki. Mtoto wa namna hiyo yumo hatarini hata kama mkanda unaonyesha kijani. Mizani nayo yaweza kudanganya, kwa sababu hupima maji pamoja na mwili.

Lakini mbona nchi ya maharagi na maziwa ina bwaki? Sababu ya kwanza ni vita. Tangu vita vya mwaka 1993 katika Walikale na Masisi, watu wamekimbia mara nyingi. Mtu anayekimbia hawezi kubeba shamba lake, na ng'ombe aliyeachwa huibwa. Sababu ya pili ni magonjwa. Surua na kuhara humaliza nguvu za mtoto upesi. Sababu ya tatu imo chunguni. Muhogo hushibisha tumbo, lakini peke yake haujengi mwili. Huhitaji wenzake: maharagi, karanga, mayai, sambaza za Ziwa Kivu, na sombe yenye mafuta ya mawese.

Mtoto yule alipewa dawa, na chakula laini cha karanga, maziwa ya unga, mafuta na sukari. Baada ya siku chache alipimwa tena. Kumbe, uzito ulikuwa umepungua! Mama alishtuka. Mganga akamwambia, "Usiogope, mama. Maji yanatoka. Ukiona amepungua sasa, ujue anapona."

Ikawa kweli. Mashavu yalirudi kuwa madogo, miguu ikawa myembamba. Baadaye uzito ulianza kupanda tena, na safari hii ulikuwa uzito wa nyama na mifupa. Siku moja mtoto alimnyang'anya dada yake kipande cha kiazi, akakimbia nacho akicheka. Dada alilia, lakini mama alifurahi sana.

Maswali

1. Kwa nini majirani walidhani mtoto amenona?
2. Mganga alifanya nini ili kujua kama mtoto amevimba?
3. Kukonda na kudumaa vinatofautianaje?
4. Kwa nini uzito wa mtoto ulipungua alipoanza kupona?
5. Taja vyakula vitatu vinavyofaa kuliwa pamoja na bugali ya muhogo.