Maji Yaeleayo Chini ya Kisiwa

Visiwa vya Maldivi vimetawanyika katika Bahari ya Hindi, kusini-magharibi ya Bara Hindi, kutoka kaskazini hadi kuvuka ikweta. Idadi yake ni karibu 1,200, lakini vinavyokaliwa na wenyeji havifiki 200, na nchi kavu yote ikijumlishwa ni kiasi cha kilometa za mraba 300 tu, yaani si zaidi ya sehemu moja katika tano za kisiwa cha Unguja. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haifiki mita moja juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana kila unapotajwa unyonge wa nchi ndogo za visiwa, watu huuliza swali moja: bahari itavimeza lini? Swali hilo si la upuuzi, ila linatanguliza jambo ambalo huenda likaja mwisho. Kabla kisiwa hakijazama kinaweza kukosa maji ya kunywa, na kisiwa kisicho na maji hakikaliki, hata kama kingali kikionekana kwenye ramani.

Maldivi haina mto hata mmoja. Mvua yake ni nyingi, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, lakini hunyesha juu ya mchanga uliotokana na matumbawe, nayo hupenya chini mara moja. Huko chini hukutana na maji ya bahari, ambayo yamekwisha kuingia kutoka kila upande na kujaa katika mchanga na mawe. Je, kwa nini maji hayo mawili hayachanganyiki papo hapo, na kisima kilichochimbwa hatua mia chache tu kutoka ufukweni kikatoa maji baridi?

Jibu limo katika uzito. Lita moja ya maji ya mvua ina gramu 1,000; lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi. Kwa hiyo safu ya maji baridi yenye urefu wa sentimeta 41 ina uzito sawa na safu ya maji ya bahari yenye urefu wa sentimeta 40. Maji baridi basi huelea juu ya maji ya chumvi, na sehemu yake kubwa huwa imezama, kama ilivyo kwa barafu baharini. Kwa kila sentimeta moja inayosimama juu ya usawa wa bahari, sentimeta 40 huwa chini yake. Kanuni hii ilielezwa na Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, katika miaka iliyokaribiana na mwaka 1900. Mwalimu mwenye bomba la kioo lenye umbo la herufi U anaweza kuionyesha darasani: atie maji ya chumvi kwanza, kisha amimine polepole maji baridi yaliyotiwa rangi katika mkono mmoja wa bomba. Akiongeza chumvi kuliko ile ya baharini, tofauti ya vimo itaonekana kwa urahisi zaidi.

Chini ya kisiwa, maji hayo hukaa kwa umbo la lenzi, nene katikati na nyembamba kandokando. Hapa ndipo hesabu inapotisha. Tuseme maji ya kisima yamesimama sentimeta 20 juu ya usawa wa bahari. Kwa kanuni tuliyoitaja, chini yake mna mita 8 za maji baridi. Yakivutwa kwa pampu hadi yashuke sentimeta 5 tu, maji ya chumvi yatapanda mita 2 mara hali itakapotulia. Tena hiyo ni hesabu ya karatasi. Katika kisiwa halisi hakuna mpaka mkali kati ya maji hayo; pana tabaka la mchanganyiko ambalo hutikiswa na kila maji kujaa na kupwa. Aidha, chini ya mchanga wa visiwa vya aina hii mna mawe ya chokaa ya kale yenye matundu mengi, ambamo bahari huingia na kutoka itakavyo. Kisiwa kikiwa chembamba mno, lenzi haidumu.

Malé, mji mkuu, ulijifunza hayo kwa gharama. Watu walipoongezeka katika kisiwa chenye eneo la kilometa za mraba 2 hivi, visima na mashimo ya vyoo vilikaribiana, na mwaka 1978 kipindupindu kilizuka. Maji yalizidi kuvutwa kuliko mvua ilivyoweza kuyarudisha, hata lenzi ikaharibika. Mwaka 1988 mji ulianza kutegemea mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Mitambo hiyo ni hodari, lakini hula umeme, na umeme wa Maldivi kwa sehemu kubwa hutokana na dizeli iletwayo kwa meli. Kwa maneno mengine, nchi iliacha kutegemea mawingu ikategemea soko la mafuta. Tarehe 4 Desemba 2014 moto ulizuka katika kituo hicho cha maji, na watu zaidi ya 100,000 wakakosa maji ya bomba. Ilibidi maji ya chupa yaletwe kwa ndege kutoka India.

Visiwa vya mbali vina shida ya namna nyingine. Huko watu hunywa maji ya mvua yaliyokingwa mapaani. Paa la mita za mraba 50 hutoa lita 500 ikinyesha mvua ya milimita 10, na hilo si haba. Lakini upepo ule ule unaoitwa kaskazi katika pwani ya Afrika Mashariki ndio huwaletea Wamaldivi kiangazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi. Familia ya watu 5, kila mmoja akitumia lita 10 tu kwa kunywa na kupika, humaliza tangi la lita 2,500 kwa siku 50. Ndiyo sababu mwisho wa kiangazi vyombo hulazimika kupeleka maji visiwani.

Isidhaniwe kwamba mlima ungeondoa tatizo. Ngazidja, katika Komoro, ina mlima Karthala wenye kimo kinachozidi mita 2,300, lakini haina mto wa kudumu. Mvua hunywewa na mawe ya volkano yenye vitundu, na visima vingi vya pwani hutoa maji yenye chumvi. Kinyume chake, kimo kidogo peke yake si hukumu ya kutoweka. Wataalamu waliolinganisha picha za visiwa 101 vya Tuvalu, katika Bahari ya Pasifiki, waliona kwamba kati ya 1971 na 2014 jumla ya ardhi iliongezeka kwa karibu asilimia 3, kwa kuwa mawimbi huondoa mchanga upande mmoja na kuurundika upande mwingine. Habari hii imefurahiwa mno na wanaopuuza kupanda kwa bahari. Haiwafai kitu. Mchanga unaweza kuongezeka huku maji yaliyo chini yake yakiharibika.

Namna yanavyoharibika ilionekana tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopita juu ya visiwa vya Maldivi. Zaidi ya watu 80 walikufa, na hasara ilikadiriwa kuwa asilimia 62 ya pato la taifa la mwaka mzima. Siku 6 tu kabla yake, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeamua kuiondoa Maldivi katika orodha ya nchi maskini kuliko zote; uamuzi huo ulilazimika kusubiri hadi 2011. Maji ya bahari yaliyobaki juu ya ardhi yalizama katika visima na kutia chumvi lenzi kutoka juu. Mvua huiosha chumvi ya namna hiyo, lakini polepole, kwa miezi mingi na pengine kwa miaka.

Tsunami ni tukio la nadra. Mawimbi makubwa ya kawaida, kama yale yaliyofurika Malé mwezi Aprili 1987, si ya nadra kiasi hicho, na kila usawa wa bahari unapopanda huvuka ufuko kwa urahisi zaidi. Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimeta 20. Uchunguzi uliofanywa katika kisiwa cha Roi-Namur, Visiwa vya Marshall, na kutangazwa mwaka 2018, ulieleza hatari yenyewe: mafuriko ya bahari yakirudi kila mwaka, mvua haipati nafasi ya kumaliza kazi yake ya kuosha, na lenzi haiponi tena. Watafiti hao walikadiria kwamba visiwa vingi vya aina hiyo vinaweza kufikia hali hiyo kabla karne hii haijapita nusu yake.

Katika visiwa vya Ihavandhoo, Mahibadhoo na Gadhdhoo, Wamaldivi wamejaribu kuunganisha njia zote: maji ya mapaani hukusanywa kwa ajili ya umma, mtambo wa kuondoa chumvi husaidia wakati wa kiangazi, na maji ya ardhini hulindwa yasichafuliwe. Mpango huo unahitaji mafundi wanaokaa kisiwani na vipuri vinavyofika kwa wakati, na kuvipata vitu hivyo viwili katika kisiwa chenye watu elfu mbili au tatu ni vigumu kuliko kuujenga mtambo wenyewe.