Sindano ya Insulini Nyumbani

Ugonjwa wa sukari si uchawi, wala si laana ya ukoo. Chakula tunachokula, kama bukari, ndizi na viazi, hugeuka kuwa sukari katika damu, nayo ndiyo nguvu ya mwili. Lakini mwili hauwezi kuitumia vizuri bila insulini, inayotoka katika kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula, jina lake kongosho. Insulini ikikosekana, mtu hufanana na mwenye ghala lililojaa mahindi, na mlango umefungwa. Anakula, lakini anakonda. Anakunywa maji, na kiu haiishi. Anakojoa mara kwa mara, mchana na usiku.

Wagonjwa wengine hutibiwa kwa vidonge. Somo hili ni kwa wale waliopewa sindano, pamoja na jamaa zao.

Zamani mtoto aliyekosa insulini alikufa tu. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1922, huko Toronto katika inchi ya Kanada, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini. Alikuwa karibu kufa, naye akaishi hata mwaka 1935. Lakini dawa haikuondoa ugonjwa wake; ilimbidi kudungwa siku zote. Basi, insulini inachukua mahali pa kitu kilichopungua mwilini. Ukiiacha, hatari inarudi.

Shikeni mambo haya:

1. Sindano na chakula vinakwenda pamoja. Fuata saa na kipimo alichoandika munganga. Kama chakula ni haba nyumbani, usione haya kumwambia, ili apange dawa vizuri.

2. Tumia bomba la insulini tu, lenye namba ya kipimo iliyo sawa na ile ya chupa. Dunga tumboni au pajani, lakini si mahali pamoja kila siku.

3. Joto kali huharibu insulini. Kama huna frigo, weka nyungu ndogo ndani ya nyungu kubwa, tia mchanga wenye maji katikati, funika kwa kitambaa kibichi, na uziweke kivulini penye upepo. Chupa iwe ndani ya mfuko mkavu.

4. Mgonjwa akitoka jasho, akitetemeka, akiona njaa kali au akisema maneno yasiyoeleweka, watu husema amelewa au ana pepo. Sivyo, huenda sukari imeshuka. Mpeni upesi maji yenye vijiko vidogo vinne vya sukari. Dakika 15 zikipita bila nafuu, mpeni tena, kisha ale. Kama amezimia, msimtie kitu kinywani. Mlazeni kwa ubavu na kumpeleka hospitali mara moja.

5. Siku ya homa usiache insulini kwa mawazo yako mwenyewe. Kunywa maji, nenda kwa munganga. Kutapika, kuumwa tumbo na kuhema sana ni alama za hatari, usingoje kesho.

Sasa neno moja kwa Wakristo. Kuna wanaoombewa, wakajisikia vizuri, wakatupa chupa ya dawa ili waonyeshe imani. Baada ya siku chache wanaletwa juu ya machela. Someni habari za mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 20. Aliomba kwa machozi, Mungu akamwahidi uzima. Na hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Dawa haikushindana na ombi.

Vilevile, usifunge chakula kabla ya kuongea na munganga. Kudunga bila kula kunaweza kukuangusha. Kuacha kudunga kunaweza kukuua. Mchungaji wako na akuonyeshe njia nyingine ya kujitoa kwa Bwana.

Basi, ndugu, kila asubuhi mshukuru Mungu, dunga sindano yako, ukale.