Kabla hujavusha Mark X Kobero

MWANZONI mwa kiangazi mpwa wangu alinipigia simu akiwa Kabanga, upande wa Tanzania, akaongea kwa haraka kama mtu anayeogopa salio litamwishia. "Shikamoo mjomba. Nimepata Mark X. Nyeusi. Mwenye nayo anataka jibu leo."

Nikamuuliza ni ya mwaka gani. Akasema hajui, ila viti ni safi na redio inaongea Kijapani. Nikamwambia asitoe hata faranga moja mpaka nifike.

Sikumzuia kwa sababu Mark X ni gari baya. Kijana huyu alikimbia nchi mwaka 2015, akakaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu miaka sita, akarudi mwaka 2021 na mkoba mmoja. Fedha aliyokuwa nayo siku ile ni faida ya kuvusha mchele wa Kahama, gunia kwa gunia, na sehemu yake ni ya mama yake, yaani dada yangu, aliyeuza ng'ombe wawili ili mtoto asimame. Ikipotea fedha hiyo hakuna ya pili.

Na mimi mwenyewe nimewahi kuunguzwa. Mwaka 2012 nilinunua Mark II GX 110 jijini Dar es Salaam kwa shilingi milioni tisa na nusu, ikiwa tayari na namba ya Tanzania. Muuzaji aliniambia kila kitu kimelipwa. Ni kweli kilikuwa kimelipwa, lakini kwa Tanzania. Nilipofika Kobero ndipo nilipojua kwamba kuna hesabu nyingine inanisubiri upande wetu, nikauza pikipiki yangu ili gari liingie nyumbani. Kwa hiyo msomaji, haya ninayoyaandika nimeyalipia.

Gari hili lina ukoo mrefu. Mwaka 1968 kampuni ya Toyota ilitoa gari liitwalo Corona Mark II, likiwa kubwa kuliko Corona ya kawaida na dogo kuliko Crown. Lilikuwa la mtu aliyepanda cheo kidogo lakini bado hajawa mkurugenzi. Mwaka 1984 jina la Corona likaondolewa, likabaki Mark II peke yake. Wazee wetu waliokuwa na magari miaka ya 1980 watalikumbuka zaidi kwa jina la Cressida, maana ndilo lililotumika kuliuza nje ya Japani. Lilikuwa na ndugu zake wawili, Chaser na Cresta, waliotofautiana sura lakini chini ni kitu kilekile.

Sifa ya kukimbia ilianza kushika hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipoweka injini ya silinda sita ya lita 2.5 yenye tabo, maarufu kama 1JZ. Ilitoa nguvu ya farasi 280. Wajapani walikuwa wamekubaliana wao kwa wao kwamba hakuna gari la kuuzwa kwao litakalotangazwa kuwa na zaidi ya hapo, na makubaliano hayo yalidumu mpaka mwaka 2004. Lakini hizo za tabo ni chache huku kwetu. Nyingi tulizoziona barabarani ni zile tunazoziita GX 100, zilizotoka mwaka 1996, na GX 110 zilizofuata mwaka 2000, zote zikiwa na injini ya lita mbili, silinda sita kwa mstari, iitwayo 1G. Injini hiyo si ya mbio. Ni ya kuvumilia. Blokka yake ni ya chuma, fundi yeyote wa Buyenzi anaijua, na ukibadilisha mkanda wake wa taimingi kwa wakati, kila kilomita laki moja, itakuzika wewe kabla hujaizika.

Novemba 2004 jina la Mark II likafutwa, ikaja Mark X. Hapa mambo yalibadilika, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika kwa kudhani ni GX 110 iliyopakwa rangi mpya. Injini si ya mstari tena, ni silinda sita zilizogawanyika tatu kushoto na tatu kulia. Mkanda wa taimingi hakuna, kuna cheni. Petroli haiingizwi kwenye njia ya hewa kama zamani, inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa. Kizazi cha kwanza kilitoka na injini za lita 2.5 na lita 3. Cha pili, kilichoanza Oktoba 2009, kilikuwa na lita 2.5 na lita 3.5, hii ya mwisho ikiwa na farasi 318. Desemba 2019 kiwanda kikaacha kuitengeneza kabisa. Watu wa magari madogo ya aina hii walikuwa wamehamia kwenye magari ya juu juu ya mtindo wa jipu.

Nilifika Kabanga saa nne asubuhi. Gari kweli lilikuwa linang'aa. Dalali, kijana mwenye maneno matamu, alikuwa amekwisha kuliwasha, injini inaunguruma taratibu. Nikamwomba azime. Akasema, "Mzee wangu, si unasikia lilivyo tulivu?" Nikamjibu kwamba nitalisikia likiwa baridi. Tukaenda kunywa chai ya maziwa kwa muda wa saa mbili na zaidi, mpwa wangu akinitazama kama mtu anayeharibu harusi yake.

Injini ya moto huficha mengi. Tulipoliwasha likiwa limepoa, lilitikisika kama mtu mwenye homa, likatulia baada ya dakika kama mbili. Kwenye injini hizi za petroli ya moja kwa moja, masizi huganda nyuma ya vali na nozeli huchafuka, hasa gari likitumiwa safari fupi fupi na mafuta hafifu. Inaweza pia kuwa koili za plagi. Vyote vinatibika, lakini nozeli zake si bei ya nozeli za 1G.

Nikashika tochi, nikaangalia mbele ya injini, kwenye wota pampu. Palikuwa na alama ya maji ya rejeta yaliyokauka, rangi ya waridi, yametiririka kwenda chini. Hiyo ni dalili ya pampu inayovuja, ugonjwa unaojulikana kwenye injini za ukoo huu. Anayeendelea kuendesha mpaka maji yaishe hununua injini.

Kisha nikauliza kuhusu gia. Dalali akasema ameshaweka oili mpya ya gia, ile nyekundu ya dukani. Hapo nikanyamaza kidogo. Gia boksi ya Mark X haina kijiti cha kupimia kama cha GX 100. Inapimwa kutoka chini, ikiwa na joto maalumu, na inataka oili yake yenyewe inayoandikwa WS. Aliyemwaga oili ya kawaida humo ama hakujua ama alikuwa anatafuta kupunguza mtikisiko ili auze. Tulipolijaribu barabarani, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu lilipiga teke.

Mpwa wangu akaninong'oneza, "Lakini mjomba, kilomita ni elfu sitini na nane tu."

Kilomita za kwenye dashibodi mimi siziamini tangu zamani. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani yamepita mnadani, na mnadani kila gari hupewa karatasi yenye alama, kilomita na mchoro unaoonyesha kila mkwaruzo. Gari lenye alama ya 4 ni zuri. Lenye herufi R limewahi kugongwa na kutengenezwa. Zipo kampuni ambazo ukizipa namba ya chasisi zinakuuzia nakala ya karatasi hiyo. Nikaisoma namba kwenye kibati ndani ya boneti, ilianza na GRX120, maana yake ni kizazi cha kwanza, lita 2.5. Tukalipa kwa simu, karatasi ikaja jioni. Iliandikwa R, na kilomita 143,000. Mnadani palikuwa mwaka 2017. Dalali alipoonyeshwa alisema yeye ni dalali tu.

Hiyo namba ya chasisi ishike kichwani, maana maneno ya muuzaji hubadilika lakini namba haibadiliki. GRX120 ni lita 2.5 ya zamani, GRX121 ni lita 3. GRX130 ni lita 2.5 ya kizazi cha pili, GRX133 ni ile ya lita 3.5. Zinazoishia na 5, yaani 125 na 135, zinavuta magurudumu yote manne. Na ukiona ANA10 limeandikwa Mark X ZiO, jua hilo ni gari jingine kabisa, la familia, linalovuta kwa mbele. Limeazima jina tu.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ya mafuta. Lita 2.5 ya kizazi cha kwanza ilikuwa na farasi 215 lakini ilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu. Kizazi cha pili waliishusha ikawa 203, na kwa kupungua huko ikakubali petroli ya kawaida. Anayesoma karatasi tu atasema ya zamani ina nguvu zaidi. Anayejaza Bujumbura atachagua ya 203. Ile ya lita 3.5 ni tamu sana, nimeiendesha mara moja, lakini nayo inataka mafuta ya juu, na sisi tuliopanga foleni kwenye vituo vya mafuta kwa siku kadhaa mwaka 2022 na tena mwaka 2024 hatuchagui oktani. Tunachukua kilichopo, kikiwepo. GX 110 yangu hunipeleka kilomita kama tisa kwa lita nikiwa mjini. Usitegemee Mark X ikupe zaidi.

Jambo la pili ni usukani. Magari haya yote kutoka Japani usukani uko kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Ukiwa Tanzania huoni tabu. Ukivuka Kobero unajikuta umekaa kwenye ukingo wa barabara na lori lililo mbele limekuziba kabisa. Kwenye mlima wa kushuka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, kuna malori, kuna kona, na wapo vijana wa baiskeli wamening'inia nyuma ya malori wakipanda. Ukitaka kupita, lazima abiria wa kushoto akuangalizie. Nina farasi 160 chini ya mguu na bado nimejifunza kukaa nyuma ya lori. Mwenye 203 atajaribiwa zaidi. Na gari linasukuma kwa nyuma, kwa hiyo mvua ikinyesha kwenye kona zile, mguu uwe mwepesi.

Wafanyabiashara wanaotaka kuvusha kwenda nchi nyingine nao wapime kwanza. Rwanda hairuhusu kuingiza magari madogo yenye usukani wa kulia. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye miaka 15 na zaidi, kwa hiyo kizazi cha kwanza chote kimeshafungiwa mlango huko. Kwetu, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa gari dogo ni asilimia 25 ya thamani pamoja na usafirishaji, halafu juu yake inakuja kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 na mengineyo. Thamani hiyo huipangi wewe kwa risiti ya dalali. Nenda OBR na namba ya chasisi mkononi kabla hujalipa, uambiwe jumla. Kama unalichukua kwa transiti kutoka bandari ya Dar, likiwa na namba za IT, hakikisha wakala wa forodha ana karatasi zote na kwamba linatoka Kabanga ndani ya siku zilizoandikwa. Na dereva wa IT asikubali kubeba abiria njiani, hata akilia kiasi gani.

Lile jeusi tuliliacha. Mpwa wangu hakusema neno mpaka tulipofika Muyinga. Nikamshauri anunue Probox, abebe mchele wiki nzima na abiria siku ya soko, fedha irudi. Mama yake akasema hivyo hivyo. Akatujibu kwa heshima, "Mjomba, miaka sita nimepanda lori la kambi nikiwa nimesimama. Acha mara moja nikae kwenye kiti." Sikuwa na jibu. Hata mimi, mwaka 2012, Probox zilikuwepo.

Alirudi kwenye mchele. Baada ya miezi minne akapata nyingine, GRX130 ya mwaka 2011, rangi ya fedha, imetoka mnadani na alama ya 4, kilomita 97,000 kwenye karatasi na 97,000 na ushee kwenye dashibodi. Alienda OBR kabla ya kulipa. Ilikuwa ghali kuliko ile nyeusi, akaingia ubia na rafiki yake wa kambini. Wiki moja mmoja, wiki nyingine mwenzake. Bushi za chini mbele zilikuwa zimekwisha, tukazipunguza kwenye bei.

Usiku aliokuwa anakuja nalo na dereva wa IT, alinipigia kutoka Nyakanazi. Moyo ukanipasuka nikidhani limechemsha.

"Mjomba, redio haishiki. Nazungusha, inaishia tisini."

Nikamweleza kwamba redio za Japani zimetengenezwa kwa masafa ya kwao, zinaanzia 76 na kuishia 90, kuna kidude cha kuongeza kinauzwa Buyenzi. Akauliza bei.